Pesa ya kortini isikatwe kodi kwa jumla

Bwana mhariri, naomba nafasi kidogo juu ya hii kodi inayokatwa kwa pesa ambayo korti imeamuru mtu alipwe, manake kuna watu huku Kampala wanashinda kesi vizuri kabisa alafu wanaumizwa siku ya kulipwa.

Jirani yetu mmoja, mzee wa lori, alifukuzwa kazi bila kosa, akashtaki, kesi ikazunguka weee mpaka akashinda. Hukumu ilikua na mshahara aliokua anadai, fidia ya kufukuzwa, fidia ya mateso, na riba juu yake. Bosi akajumlisha zote akakata asilimia 30, akasema ni ya URA, wale wakusanya kodi wa serikali. Karatasi aliyompa mzee ilikua na jumla, makato na kilichobaki, basi.

Sheria haisemi hivo! Sheria ya kodi ya mapato inasema malipo ya fidia yanachukua sura ya kile kinachofidiwa. Kwa hivo mshahara uliocheleweshwa ni mshahara tu, PAYE, yaani kodi ya mshahara, ikatwe, hapo sina ubishi. Fidia ya kuachishwa kazi nayo inahesabiwa mapato ya kazi, lakini kama umemtumikia huyo mwajiri miaka 10 au zaidi, kodi inapigwa kwa asilimia 75 ya hio pesa, robo inayobaki haiguswi. Yaani ukipewa milioni 40, milioni 10 ziko nje ya kodi. Mzee wetu alikua ameshapita hio miaka na hakuna mtu alimwambia, hata wakili wake. Na ile fidia ya mateso na kuchafuliwa jina, jamani, hio inafidia mshahara gani?

Riba ndo inaniuma zaidi. Korti inaiweka kwa sababu mtu amekalia pesa yako miaka na shilingi inazidi kushuka, sasa ukiikata ile asilimia 15 ya kodi ya riba kama vile alikua ameweka pesa benki kwa hiari yake, unamtoza mtu kwa kucheleweshewa haki. Katiba kifungu cha 152 inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge, basi waheshimiwa waandike wazi riba ya hukumu inatozwa ama haitozwi, wasituachie tukisie na mahasibu wa kampuni.

Wakati tunawangoja, majaji, hasa wa Korti ya Kazi, waandike kila fungu peke yake kwenye hukumu, mshahara kiasi gani, fidia gani, riba kutoka lini, na mawakili waombe hivo tangu mwanzo wa kesi. Na wewe uliyeshinda usitie sahihi kabla ya kuonyeshwa hesabu, dai cheti cha kodi iliyokatwa, angalia na TIN yako, ile namba ya mlipa kodi, kama kweli imefika URA, ukikuta wamekata zaidi jaza ritani, ile fomu ya kutangaza mapato yako, uombe kurudishiwa.

Msomaji wako,
Kisenyi, Kampala