Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dawa hukutana nyumbani

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfamasia wa hospitali mkoani Tanga, mwaka wa kumi na mbili sasa nyuma ya dirisha la dawa. Nakuandikia kwa sababu ya kapu la mama yangu mkubwa.

Pasaka iliyopita nilikwenda Muheza kumjulia hali. Nilimkuta miguu imevimba na kidonda kipajini: usiku akienda msalani, kizunguzungu kilimwangusha mlangoni. Nikamwomba anioneshe dawa anazotumia, zote. Akaleta kapu la ukindu, tukalimimina mkekani.

Zilikuwa aina nane. Pakiti mbili zilikuwa na rangi tofauti na majina tofauti ya biashara, kumbe zote ni amlodipini, dawa ya kushusha presha, ya miligramu 10. Moja ilitoka hospitali. Nyingine aliinunua duka la dawa mwezi ambao ya hospitali ilikosekana. Ilipopatikana tena, akaendelea na zote mbili. "Hii ya presha mwanangu, hii ya moyo," aliniambia. Amlodipini ikizidi huvimbisha miguu. Alipokwenda kulalamikia miguu, akapewa furosemidi ya kutoa maji, na hiyo ndiyo ikawa inamwamsha kila usiku na kumlevya. Magoti yakiuma alimeza diklofenaki, ambayo hupandisha presha, na ikikutana na furosemidi na losatani, dawa yake nyingine ya presha, huweza kuumiza figo. Bahasha ya metformini, dawa ya kisukari, ilikuwa imeandikwa "1x3", yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Yeye alimeza vitatu kwa mpigo asubuhi.

Si kazi yangu kufuta dawa ya mtu peke yangu, kwa hiyo nilimpigia daktari wake wa kliniki, nikamsomea orodha nzima. Akaondoa amlodipini moja, furosemidi na diklofenaki. Baada ya wiki tatu mama aliweza kuvaa viatu vyake vya kanisani.

Mheshimiwa, katika kapu lile sikumwona mzembe. Kila aliyempa dawa alitibu alichokiona. Mimi mwenyewe ningempa ile pakiti bila kusita, maana dirishani naona cheti kimoja, foleni ndefu nyuma yake, na nafasi ya kusema tu "kutwa mara moja, baada ya chakula". Kapu silioni. Wazee wetu huchukua dawa hospitali, kituo cha afya, duka la dawa muhimu na kwa mganga wa mitishamba, na mahali pekee dawa hizo zinapokutana ni nyumbani.

Australia ililiona hili mapema. Tangu mwaka 2001 daktari anaweza kumwomba mfamasia amtembelee mgonjwa nyumbani, azipitie dawa zake zote na kumrudishia daktari ripoti, na serikali hulipia kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2017, lilipozitaka nchi zipunguze madhara ya dawa yanayoweza kuzuilika, lilitaja maeneo matatu ya kuanzia: dawa na hali zenye hatari kubwa, mgonjwa mwenye dawa nyingi, na mgonjwa anayehama kutoka huduma moja kwenda nyingine. Mama yangu mkubwa alikuwa ndani ya yote matatu.

Ninachoomba ni wilaya chache za majaribio. Tuanze na wazee wanaoruhusiwa kutoka wodini wakiwa na dawa tano au zaidi. Mfamasia awafikie ndani ya wiki mbili. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanazijua nyumba, watuoneshe njia. Ziara ifanyike kwa ridhaa ya mgonjwa na faragha yake ilindwe, kwani wapo wanaomeza dawa ambazo hata mwenza hajui. Na malipo yaingizwe kwenye kitita cha bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake tunayo tangu 2023. Bila hilo la mwisho, kazi hii itabaki fadhila ya mfamasia mwenye shangazi au mama mkubwa mgonjwa, na wazee wengi hawana ndugu mfamasia.

Wilaya ya kwanza ikitajwa, nami naomba niwe miongoni mwa watakaotumwa, hata kama ni kwa Jumamosi zangu za mapumziko.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mfamasia, Tanga