Mheshimiwa Waziri, mbabula inamfikia mtoto aliye tumboni

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Jimbo la Haut-Katanga

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkunga hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Nakuandikia mbele ya watu wote kwa sababu baridi ya mwezi wa 6 na wa 7 inakaribia, na ikifika, mbabula, yaani majiko ya makala (makaa), zitaingizwa tena vyumbani.

Mwaka jana, asubuhi moja ya baridi, mama mwenye mimba ya miezi minane aliletwa kwenye kituo nilikokuwa zamu. Kichwa kilimuuma, alitapika, na mtoto alikuwa ameacha kucheza tangu usiku. Nyumbani walidhani ni malaria. Tulimbana kidole kwa kile kifaa cha kupima oksijeni, kikaonyesha 98, tukatulia. Hatukupaswa kutulia. Kifaa kile hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi, ile hewa ya makala isiyo na rangi wala harufu. Usiku umeme ulikuwa umekatika, akasonga bukari (ugali) ndani, kisha mbabula ikaachwa ipashe chumba joto, mlango na dirisha vimefungwa. Mama alipona. Moyo wa mtoto hatukuusikia tena.

Siwezi kuapa kwamba ni mbabula. Hatukuwa na kipimo cha kuthibitisha. Lakini neno la mama mkwe wake halijanitoka: "Mtoto wa tumboni hapumui, hewa ya makala itamfikiaje?"

Inamfikia kwa damu. Mapafu yake bado yamejaa maji, mama ndiye anayempumulia. Kwenye kondo la nyuma damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Zinapakana tu, katikati pana utando mwembamba. Oksijeni huvuka utando huo, ikaingia kwenye mshipa mmoja wa kitovu unaoipeleka kwa mtoto, na mishipa mingine miwili hurudisha damu iliyokwisha tumika. Anayofikiwa nayo ni haba kuliko tunayovuta sisi, kwa hiyo Mungu amempa hemoglobini (kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu) ya namna yake, inayoivuta oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama. Kila ninapowaeleza wanafunzi jambo hili moyo wangu hujaa shukrani.

Ila kaboni monoksidi nayo huvuka kondo, na hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa mtoto hukawia kutoka, hata mama akiwa ameshapata nafuu na anaomba kurudi nyumbani. Ndiyo maana mjamzito wa namna hiyo apewe oksijeni kwa muda mrefu, si mpaka kichwa kiache kuuma tu.

Mheshimiwa, naomba agizo litoke kabla ya mwezi wa 6, kwamba kwenye kila CPN (kliniki ya wajawazito) mama aulizwe analala na nini chumbani, na muuguzi asiiamini 98 ya kidoleni pale mbabula inapotajwa. Redio zitangaze kwa Kiswahili chetu. Wasiwaambie akina mama waache makala, kwani wengi hawana kingine cha kupikia. Wawaambie wapikie nje, na usiku mbabula ibaki nje hata kama makala hayatoi moshi tena, kwa sababu hayo mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayowadanganya.

Mkunga wa Katuba, Lubumbashi