Shakwe wa Ufini wako mwaloni kwetu

Kirumba, Mwanza
11 Februari

Ndugu yangu Kahindi,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa mzee. Sisi huku hatujambo. Dagaa wanapatikana, bei imepanda kidogo, na mama bado anaulizia lini utakuja kula sato wa ziwani kama ulivyoahidi tulipomaliza chuo cha wanyamapori cha Mweka.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini siku hizi Jumamosi zangu zote ziko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, na darubini. Simu haikutosha kueleza, kwa hiyo nakuandikia.

Unamkumbuka shakwe wa mgongo mweusi? Chuoni tulimwandika kwenye daftari kuwa mgeni wa msimu, basi, tukahamia kwa tembo na simba. Mgeni huyo ndiye anayenitoa kitandani. Mitumbwi ya dagaa ikirudi alfajiri, shakwe wanajaa Kirumba kushindana na makorongo wale wenye vipara juu ya kila kinachodondoka. Wengi ni wenyeji, wadogo, wenye kichwa cha kijivu, wanaozaliana huku huku Afrika. Katikati yao wanasimama wachache wakubwa zaidi: mgongo mweusi ti, miguu ya manjano, mabawa marefu yaliyopita mkia. Hawa makwao ni Ufini, Uswidi na pande za kaskazini magharibi ya Urusi. Wanaanza kuingia kama mwezi wa kumi, na Machi hadi Aprili wanarudi kutaga. Na baadhi yao, Kahindi, wamevaa pete.

Kumvisha ndege pete si jambo jipya. Mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Cornelius Mortensen, alianza mwaka 1899 kwa kuwavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Ufini walianza 1913. Shida ya pete ya chuma ni kwamba maandishi yake ni madogo mno. Ili uisome vizuri, mara nyingi lazima ndege awe mkononi mwako, na ndege anayefika mkononi mwa mtu kwa kawaida ameshakufa. Unapata habari mbili tu za maisha yake: alipovishwa na alipokufia. Pete ya rangi imebadilisha hilo. Ni ya plastiki, pana, ina herufi na tarakimu kubwa ambazo mtu mwenye darubini ya miguu mitatu anazisoma kutoka mbali bila kumgusa ndege. Shakwe yule yule anasomwa leo, mwaka kesho, na miaka kumi baadaye, na watu wasiojuana, katika nchi tofauti.

Nikueleze ilivyo kuisoma, maana hapo ndipo penye utamu. Kuna jiwe moja upande wa kaskazini wa mwalo, jeupe kwa mavi ya ndege, ambako wanapumzika wakishashiba. Nilimwona mmoja amesimama kwa mguu mmoja. Mguu uliosimama ulikuwa mtupu. Mwingine alikuwa ameukunja ndani ya manyoya ya tumbo, na shakwe akishaukunja hivyo hana haraka ya kuushusha. Jua likapanda, mvuke ukaanza kucheza juu ya maji na kila kitu kwenye kioo kikawa kinatetemeka. Mtumbwi ukapita karibu, mawimbi yakapiga jiwe, naye akashusha mguu kujiweka sawa. Pete nyeusi, maandishi meupe. Niliona C, kisha nusu ya herufi ya pili, na chini yake matope yaliyokauka yamefunika iliyobaki. Maandishi hurudiwa kuizunguka pete, kwa hiyo nikamngoja ageuke. Akajikuna shingo. Akageuka. Nikaisoma yote, nikaisoma tena kwa sauti, kijana aliyekuwa anaanika dagaa kwenye kichanja nyuma yangu akaniandikia kwenye kiganja chake kwa kalamu ya kuhesabia ndoo.

Nilituma habari kwenye makumbusho ya viumbe ya Helsinki, ambako kumbukumbu za pete zote za Ufini hutunzwa. Wakanijibu kwa karatasi ya maisha yake. Alivishwa pete mwezi wa saba akiwa kifaranga asiyeweza kuruka, kwenye kisiwa cha ziwa moja la ndani kabisa ya Ufini. Akaja kuonekana kwenye dampo la mji wa Tampere, kiangazi hiki na kiangazi kile. Halafu mstari wa mwisho, wa mbali kuliko yote: Mwanza, Tanzania. Kutoka Tampere hadi hapa ukipima kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 7,000, naye haendi kwa mstari ulionyooka. Nilikaa na ile karatasi jioni nzima.

Bila pete tusingejua hata kwamba ndugu zake wanaachana njia. Shakwe wa aina hii hii wanaozaliwa Uholanzi na Uingereza hushuka upande wa magharibi: Hispania, Ureno, Moroko, hadi Senegali. Hawa wa Ufini hukata kusini mashariki, wakapita mashariki ya Bahari ya Kati, wakaingia Misri na kufuata bonde la Naili hadi kwenye ziwa letu. Siku hizi watafiti huwafunga baadhi yao vifaa vidogo vya GPS vinavyochajiwa na jua, na njia hiyo imeonekana waziwazi kwenye ramani. Lakini kifaa ni ghali, na uzito wake lazima uwe mdogo sana, kwa desturi usizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa hiyo wanaofungwa ni wachache. Pete ni rahisi, inavishwa kwa maelfu, ila haisemi kitu mpaka pawepo mtu wa kuisoma. Huko Ulaya wasomaji wamejaa kwenye kila dampo na kila bandari. Huku kwetu ndege anakaa karibu nusu ya mwaka, na kwenye karatasi nyingi nusu hiyo ni tupu.

Na utupu huo una gharama. Shakwe hawa wamepungua sana Ufini, na wamo katika orodha ya ndege walio hatarini huko. Miaka ya nyuma, vifaranga wengi walikufa kwenye Ghuba ya Ufini, na uchunguzi ukakuta masalia ya DDT, ile sumu ya kuulia wadudu, kwa wingi. Watafiti wakaanza kutazama njia ya uhamaji na huku wanakokaa wakati wa baridi ya Ulaya, kwa sababu shakwe wa aina nyingine wanaokaa karibu na kwao mwaka mzima hawakuwa na sumu hiyo kwa kiasi kile. Sasa nani atasema wanakula nini huku, wanalala wapi, wanasumbuliwa na nini, kama si sisi tunaowaona kila asubuhi?

Kuna jambo jingine ambalo mimi haliniishi moyoni. Karibu manyoya yote makubwa ya bawa wanayabadilisha wakiwa Afrika. Pale Kirumba nimeokota unyoya mweusi mrefu kupita kiganja changu, umechakaa ncha. Mpya unaoota mahali pake unajengwa kwa dagaa wa Ziwa Victoria. Na vijana wao wa mwaka wa kwanza wengi hawarudi Ulaya hata kidogo, wanabaki huku kiangazi chote. Ukiona shakwe wa kahawia mwenye madoadoa mwezi wa sita, amebaki kukua. Baada ya hapo siwezi tena kumwita mgeni.

Wavuvi mwanzoni waliniuliza kama pete ni dawa, au kama ndege ametumwa. Nikawaonyesha ile karatasi ya Helsinki, nikaisoma mstari kwa mstari. Mzee mmoja mwenye mitumbwi akataka nirudie pale penye kisiwa cha ziwani, akasema kumbe naye ni wa maji baridi kama sisi. Tangu hapo wananipigia simu wenyewe. Mmoja aliniletea mguu wenye pete ya chuma aliouokota ufukweni, ameufunga kwenye karatasi ya sukari.

Sasa nakuja kwako. Wewe umekaa dakika chache kutoka mdomo wa mto Sabaki, huko Malindi, na sijui kama unaelewa una nini. Pale mchanga unapoingia baharini shakwe wanalala kwa mamia pamoja na membe. Wengi wa wakubwa wa pwani yenu ni wale wa tundra ya Urusi, zile nyanda za baridi zisizo na miti, mgongo kijivu iliyokolea badala ya nyeusi. Kuna shakwe wa kahawia waliotoka Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia. Na huenda wamo hawa wangu pia. Nenda maji yakijaa, wakisukumwa karibu, upande wa Mambrui kama unaweza, jua likiwa mgongoni. Usiwakimbilie. Andika rangi ya pete, rangi ya maandishi, mguu wa kulia au wa kushoto, juu au chini ya kifundo, tarehe na mahali. Ukisoma herufi mbili tu, andika hizo mbili, usibuni ya tatu. Piga picha hata kama ni mbaya. Na andika pia umetazama miguu ya ndege wangapi, hata kama hukuona pete hata moja.

Usiseme hii ni kazi ya wataalamu wa kigeni. Ngulia, hapo kwenu Tsavo Magharibi, ndege wahamao wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, na Wakenya wako pale usiku wa ukungu wakiwatoa nyavuni mmoja mmoja. Wewe una macho kuliko mimi, nakukumbuka vizuri kule Mweka.

Fanya kabla Machi haijaisha. Mjomba anashusha mzigo wa dagaa Mombasa mwisho wa mwezi huu, nimempa darubini yangu ya zamani na miguu yake, imefungwa kwenye kanga ndani ya boksi. Skrubu ya mguu mmoja imelegea, ikaze kwa ncha ya kisu. Nenda kaichukue kwake, namba yake nitakutumia. Ukisoma pete ya kwanza nipigie hapo hapo, hata kama niko kazini.

Msalimie mzee na watoto.

Nduguyo,
Masanja