Barua kwa Ami: Kuingia mitoni Suffolk kwa chombo kidogo cha tanga

Ipswich, Uingereza
Mei

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua inakukuta mzima, pamoja na Mama Hamadi na wote wa nyumbani. Huku hatujambo, baridi imeanza kulegea na watu wanashusha vyombo majini.

Umeuliza, kabla Hamadi hajaja Julai, vyombo vidogo vya huku vinaingiaje mitoni wakati milango yake imejaa mafungu ya mchanga na changarawe, vinafungwa wapi, na kitu gani hasa cha kuogopwa. Nakuandikia kwa urefu ili umsomee mwenyewe, maana wewe utayaelewa mambo haya kuliko yeye. Chombo atakachopanda ni cha mita 8, mlingoti mmoja, tanga kuu na tanga la omo, yaani la mbele, mota ndogo ya dizeli, na mkuku, ule uti wa chini, unaoshuka mita 1.5 majini. Hiyo mita 1.5 ndiyo itakayomtawala kuanzia asubuhi hadi usiku.

Kwanza saa za maji. Kwenu Pangani bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri. Harwich, bandari ya huku, bamvua hujaa karibu na saa sita, mchana na usiku, na hupwa kabisa karibu na saa kumi na mbili. Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, ni kinyume chake. Kwa hiyo aifute kichwani saa ya nyumbani, isije ikamdanganya. Kimo hakitamshangaza: kwenye bamvua maji ya Harwich hupanda kama mita 3.6, kwenye maji mafu kama mita 2.3. Kitakachomshangaza ni kwamba baharia wa huku hautazami mwezi. Anatazama kitabu cha majira ya maji, na vitabu vingi huandikwa kwa saa ya Greenwich, ilhali kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za ukutani huenda saa moja mbele. Asiyeiongeza hiyo saa moja anafika mlangoni mapema mno, fungu bado liko juu.

Kati ya kupwa na kujaa wanapiga hesabu hivi: kimo chote kinagawanywa sehemu 12, na maji hupanda sehemu 1 saa ya kwanza, 2 ya pili, 3 ya tatu, 3 ya nne, 2 ya tano, 1 ya sita. Kwa bamvua ya mita 3.6 kila sehemu ni sentimita 30. Basi saa mbili baada ya maji kupwa yameongezeka sentimita 90 tu, lakini saa inayofuata peke yake inaleta sentimita 90 nyingine. Wewe unalijua hilo kwa jicho, na ndivyo ilivyo Pangani. Hamadi ajifunze kuliandika kwenye karatasi kabla ya kung'oa nanga, kwa sababu huku maji ni ya rangi ya tope na jicho halioni chini hata kwenye kina cha goti.

Mlango ninaoutaka auelewe zaidi ya yote ni wa mto Deben. Uko kama maili 6 za bahari kaskazini-mashariki ya Harwich, kati ya Felixstowe Ferry na Bawdsey. Upande wa Felixstowe Ferry kuna minara miwili mifupi ya mviringo, ngome za zama za Napoleon, nayo huonekana toka mbali. Nje ya mlango kuna boya la mistari myekundu na myeupe liitwalo Woodbridge Haven. Hapo ndipo pa kuanzia, wala asikate kona. Kutoka hapo njia inafuata ufuko wa changarawe ambao unahama. Dhoruba moja ya kipupwe inaweza kulisogeza fungu, na maboya nayo yanahamishwa kulifuata. Kwa sababu hiyo mlango hupimwa upya na mchoro mpya hutolewa. Ramani ya miaka mitatu nyuma, hata ikiwa nzuri kiasi gani, kwa mlango huu haifai kitu. Maboya yenyewe yana utaratibu uleule wa kwetu: ukiingia kutoka baharini, jekundu kushoto, la kijani kulia.

Maji yanapokuwa makavu kabisa wakati wa bamvua, kina cha fungu la mlangoni huenda kisizidi mita moja. Mkondo wa maji yanayopwa hutoka kwa kasi ifikayo noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, na chombo hiki kwa mota huenda noti 5 na kitu. Maana yake, kuingia wakati maji yanapwa ni kusimama mahali pamoja huku mota inalia. Ubaya unazidi upepo ukivuma kutoka kusini au kusini-mashariki, kwani upepo na maji vinagombana juu ya fungu, wimbi linakuwa fupi na wima, kisha linavunjika. Chombo kinachoshuka kwenye bonde la wimbi hilo kinaweza kugonga chini hata kama hesabu ya karatasi ilionyesha maji yanatosha. Hesabu ni ya maji yaliyotulia. Kwa wimbi la mita moja ondoa nusu mita, kisha bakisha nyingine ya akiba.

Wakati mzuri ni kati ya saa mbili na saa nne baada ya maji kupwa, yakiwa yanajaa. Maji yanatosha, mkondo unakusukuma ndani, na ukigusa, dakika kumi baadaye yanakunyanyua mwenyewe. Anayeingia maji yakikaribia kujaa kabisa anaona kina kingi na anajiona salama, lakini akipanda fungu hapo amepwelewa saa kumi na mbili. Na ikiwa ni siku moja baada ya kilele cha bamvua, maji yanayofuata hayafiki tena kimo kile, anaweza kukaa pale hadi bamvua nyingine. Ukishapita mlango, mkondo bado mkali na vyombo vingi vimefungwa pande zote. Fungu liitwalo Horse Sand limelala katikati mbele kidogo, lina boya lake. Asitue tanga na kupumzika kabla ya kulipita.

Mtoni humo mahali pa kwanza pa kufunga ni Ramsholt, ukingo wa mashariki, pana gati dogo la kale na safu za maboya. Boya la kufungia la huku ni hivi: chini kuna bonge zito la saruji au mnyororo mzito uliolazwa kwenye tope, kinafuata kiungo kinachozunguka ili mnyororo usijisokote, juu boya, na mara nyingi pembeni kiboya kidogo cha kudakia kwa upondo wenye ndoano. Kiboya kile ni cha kudakia tu. Usiku usikitegemee, pitisha kamba yako nene kwenye pete ya boya lenyewe, ncha zote mbili zirudi chomboni, na palipo na msuguano vika kamba kipande cha mpira. Uliza kwanza boya ni la nani na linabeba uzito gani. Mengi ni ya watu binafsi, na mwenyewe anaweza kurudi saa tano usiku.

Namna ya kulifikia ndiyo inayowaumbua wengi. Kwenye mto chombo hulala kufuata maji kuliko upepo, kwa sababu mkuku ni mkubwa. Basi tazama vyombo vya jirani vyenye umbo kama lako vimeelekeza omo wapi, nawe uje kwa uelekeo huohuo. Upepo na maji vikija upande mmoja, tua tanga la omo, njoo na tanga kuu, legeza demani, kamba ya kuvutia tanga, mpaka chombo kisimame boya likiwa chini ya omo. Vikija pande tofauti, upepo nyuma yako na maji mbele yako, tanga kuu lazima lituliwe kabla, uje na tanga la omo peke yake, kisha ulikunje ukikaribia. Anayesahau kutua tanga kuu hapo hawezi kulitoa upepo. Analidaka boya huku tanga bado linamsukuma, chombo kinalipita, kamba inakwenda chini ya mkuku.

Ikiwa hakuna boya, anatia nanga. Tope la huku linashika vizuri sana, na nanga ikipanda inakuja na ndoo nzima ya tope. Ndoo na brashi viwe tayari omoni. Urefu wa mnyororo uhesabiwe kwa maji yatakapojaa, si kwa yaliyopo. Mfano: kina mita 2 maji yakiwa makavu, ongeza 3.6 za bamvua, ongeza mita 1 kutoka maji hadi omo, ni 6.6. Zidisha mara 4 kwa mnyororo mtupu, yaani mita 26 au 27. Kwa amari ya kamba yenye mnyororo mfupi tu mbele, zidisha mara 7.

Juu zaidi, maili nane au tisa kutoka mlangoni, uko mji wa Woodbridge, nao una kitu ambacho ningependa ukione mwenyewe, Ami. Ni kinu cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji ya bahari. Kinu mahali hapo kimetajwa tangu mwaka 1170. Jengo lililopo ni la 1793, na liliendelea kusaga kibiashara hadi 1957. Maji yakijaa yaliingia kwenye bwawa, yakipwa yalifungiwa humo, kisha yakaachiwa yazungushe gurudumu. Bwawa lile la zamani ndilo marina ya leo. Mlangoni pana kizingiti chini ya maji ili vyombo vya ndani visikauke, na pembeni kipimo kinachoonyesha kina juu ya kizingiti. Kwa mkuku wa mita 1.5 angoje kipimo kisome 1.8. Wakati wa maji mafu huenda kisifike hapo kabisa, hivyo aangalie asiingie na bamvua ya mwisho akafungiwa ndani wiki nzima. Maji hujaa Woodbridge kama nusu saa hadi dakika 45 baada ya mlangoni.

Orwell, mto ninaokaa mimi, ni rahisi zaidi: mpana, una kina, una maboya hadi Ipswich. Hatari yake iko kinywani. Felixstowe ndiyo bandari kubwa ya makontena Uingereza, na meli za mita 400 zinageuka pale. Haziwezi kukukwepa. Vyombo vidogo hupita nje kidogo ya njia iliyochimbwa, na vikilazimika kuikata huikata moja kwa moja, kwa haraka, baada ya kutazama nyuma. Redio ya VHF iwe chaneli 71, kusikiliza tu. Ukifika Ipswich unaita chaneli 68 kuomba lango la maji la kuingilia ndani. Hapo andaa dafrao, yale matakia ya kukinga ubavu, pande zote mbili.

Katikati ya mto huo ni Pin Mill. Hapo utakuta majahazi ya kizamani ya mto Thames, tumbo bapa, hayana mkuku mrefu bali mbao kubwa mbili za ubavuni zinazoshushwa yanapokwenda joshi, kuukabili upepo, na tanga rangi ya matofali. Yalijengwa hivyo ili yakae wima juu ya tope yapakiwe na kupakuliwa. Watu wengi wa pwani hii leo hununua vyombo vyenye mikuku miwili mifupi kwa sababu hiyohiyo, na mimi nawaunga mkono. Cha Hamadi kina mmoja, kikikaukiwa kitalala ubavu. Hilo likitokea maji yakipwa, ana dakika mbili tatu za kujaribu: watu wote upande mmoja kukiinamisha, mota kurudi nyuma. Asiikamue sana, tope litaingia kwenye maji ya kupooza mota. Isipowezekana, apeleke nanga kwa kidau kwenye kina, na ahakikishe chombo kinalalia upande wa mlima wa fungu. Kikilalia upande wa kina, maji yakirudi yanaingia kabla hakijainuka.

Mlango wa Ore, kaskazini ya Deben, asiende mwaka huu. Mkondo wake hufika noti 6 na changarawe yake inahama zaidi. Mto wenyewe ni wa ajabu: pale Slaughden unaikaribia bahari, ufuko mwembamba tu kati yao, kisha unageuka kusini na kutembea sambamba na bahari kama maili 10 kabla ya kutoka.

Cha kuogopwa hasa, Ami, ni kidau na baridi. Julai maji huwa kama nyuzi 17, kwetu hujawahi kuyakuta hivyo. Anayetumbukia ghafla hushtuka, anavuta pumzi bila kutaka na kumeza maji, hata kama ni mwogeleaji. Na wengi hutumbukia wakitoka nchi kavu kwenda chomboni usiku, kidau kimejaa watu, mkondo unakimbia. Jaketi la kujiokolea alivae kwenye kidau hata kama chombo kiko mita ishirini. Asitembee juu ya tope kufupisha njia. Linashika hadi pajani, na maji yanarudi.

Mwambie alete viatu vyepesi vya soli nyeupe na sweta mbili, koti la mvua nitampa mimi. Na akuombe ile bildi yako ya risasi yenye kamba ya alama. Kipima kina cha humu ni cha umeme, kikizimika mlangoni hatakuwa na kingine.

Nisalimie Mama Hamadi na wadogo zangu. Niandikie kabla ya mwezi kuandama tena, nipange siku ya kumpokea kufuatana na maji.

Mwanao,
akupendaye