Barua kwa mwanangu anayepanda Mlima Kenya

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo. Habari za safari yako nimezipata kwa Swaleh, si kwako, na hilo tutaliongea ukirudi. Jana redio imetangaza tena walinzi waliolala na jiko la makaa chumbani huko bara, kisa baridi. Hawakuamka. Ndipo nikashika kalamu. Mamangu, usilale na jiko ndani ya hema.

Najua utacheka, mama anamfunza kaboni monoksaidi, hiyo gesi ya sumu ya makaa, mtu anayekwenda kuipima. Lakini maneno yako mwenyewe ndiyo yaninyimayo usingizi. Ulisema hicho kituo chenu cha kupimia hewa kiko mita 3,678 juu ya bahari, hewa ni hafifu, na mgeni huumwa kichwa, akashikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Na aliyevuta gesi ya makaa huanzaje? Si hivyo hivyo? Mtasema ni mlima, mmeze vidonge, mjifunike gubigubi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, na ulinambia huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kikiuma, toka nje kwanza, sababu utaiuliza baadaye. Na mwenzako mtoe.

Tena kazi yenyewe iwe ya usiku! Eti mchana upepo hupanda na hewa ya mabondeni, usiku ndio inashuka ile safi iliyotoka mbali, na ndiyo mnayoitaka. Saa tisa usiku uko macho, wewe unayejifunika blanketi kusi likivuma Mombasa. Wapagazi wakikuletea jiko kwa huruma, pokea chai. Jiko libaki nje.

Chamani nimewaambia kituo hicho kipo tangu 1999, wewe hujazaliwa, na leo mwanangu ndiye anayekwenda kupima hapo moshi wa nyika zinazoungua mpaka kusini mwa Afrika. Walinyamaza wote. Jirani yetu akauliza mshahara ni ngapi, nikamwambia utakuja. Lakini nawe maliza hiyo tasnifu, mwanangu, ada ya Swaleh inanitazama mimi peke yangu.

Dirisha la jikoni ulilolipigia kelele limetobolewa. Fundi kalifanya dogo, ila moshi unatoka. Shangazi yako haamki tena na kichwa kizito. Anasema ni dua zake, nami sikumbishia.

Mkifika mahali penye mtandao nipigie, hata kama ni usiku wa manane, uniambie mmelala vipi na jiko liko wapi. Usimtume Swaleh.

Mbuzi amezaa mapacha, mmoja hataki kunyonya, namlisha kwa chupa. Unga umepanda bei tena, kwa hiyo mahamri niliyoyatia kwenye kifurushi ni machache, wagawie wenzako kwa hesabu. Masweta mawili yako chini. Chupa ya chai irudi, ni ya harusi yangu.

Mamako