Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Tukuyu, kuhusu chanjo ya mabinti

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wa sauti ulioutuma kwenye kundi la ukoo umeshatoka nje ya ukoo. Nimeukuta kwa majirani wa Uyole, na nimetumiwa na rafiki aliyeko Makambako ambaye hata hajui kwamba sauti ile ni ya shangazi yangu. Unasema kuwa Ulaya imepatikana chanjo ya saratani, kwamba muda si mrefu itafika nchini, na kwamba mabinti wasichomwe ile sindano ya shuleni, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, kwa kuwa inafunga kizazi na ni majaribio tunayofanyiwa, bali wasubiri hiyo mpya. Mwishoni umeongeza kwamba na wewe umeahirisha kwenda kupimwa mlango wa kizazi. Sina nia ya kukuumbua. Unaijua nafasi yako: kwetu msichana hafundwi bila wewe, na mama zao wakisikia Shangazi kasema tusubiri, watasubiri.

Ujumbe ule umechanganya mambo mawili yasiyofanana, chanjo ya kukinga na chanjo ya kutibu, na ili yatenganishwe ni lazima kwanza tujue saratani hii inatoka wapi. Saratani nyingi hazitokani na maambukizi, lakini zipo zinazotokana nayo, na upande wetu wa dunia hizo si chache. Wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba takribani asilimia 13 ya saratani zote zilizogunduliwa duniani mwaka 2018 zilisababishwa na vimelea, na kusini mwa Sahara sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Virusi vya papiloma, ambavyo wauguzi huviita HPV, huleta saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vya homa ya ini aina ya B na C huleta saratani ya ini. Na kipo kirusi cha jamii ya herpesi kinacholeta saratani ya Kaposi, ambayo kizazi chenu kiliiona sana katika miaka ya mwanzo ya UKIMWI. Kinachoambukiza hapo ni kirusi, si saratani yenyewe, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani na kikombe chake, jambo ambalo nimeliona katika nyumba ambazo sitazitaja.

Kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu kilipatikana kutokana na watoto wa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alianza mwaka 1957 kufuatilia watoto waliokuwa na uvimbe wa taya unaokua kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kwa wiki 10, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali baada ya hospitali na kuuliza kama ugonjwa ule unaonekana hapo. Walichokiona ni kwamba haufuati kabila wala mpaka wa nchi, bali joto, mvua na mwinuko: mabondeni kwenye joto upo, milimani kwenye baridi haupo au ni wa nadra. Sisi wa nyanda za juu tunaielewa ramani ya namna hiyo bila kufundishwa, maana ndiyo ramani ya malaria; anayeteremka kutoka Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, hadi Kyela ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 500, anajua kwamba chandarua cha huku na cha kule havina uzito mmoja. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na mtafiti Anthony Epstein akawa miongoni mwa waliomsikiliza. Mwaka 1964, Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr wakakiona kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe ule.

Burkitt alidhani mbu ndiye anayekibeba kirusi hicho, kumbe sivyo. Husambazwa kwa mate, na zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho bila kuugua. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoivuruga kinga ya mtoto mpaka kirusi kikapata nafasi. Nimekaa kwenye habari hii kwa sababu inajibu swali ambalo wewe na wengine mmeniuliza mara nyingi, kwamba kama kirusi ndicho chanzo, mbona walio nacho ni wengi na wanaougua ni wachache. Kirusi peke yake mara nyingi hakitoshi. Kinahitaji muda mrefu, na kinahitaji kinga iliyolegea.

Ndivyo ilivyo kwa mlango wa kizazi. Mjerumani Harald zur Hausen alikipata HPV cha aina ya 16 mwaka 1983, na cha aina ya 18 mwaka uliofuata, wakati watafiti wengi wakiamini kuwa mkosaji ni kirusi kingine. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Kirusi hupatikana kwa kujamiiana, na kwa kuwa karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana nacho wakati fulani, hakiwezi kuwa ushahidi wa uasherati wa mtu yeyote. Kwa wengi mwili hukiondoa ndani ya miaka 2. Kinapong'ang'ania, vinasaba vyake huweza kujipachika ndani ya vinasaba vya seli na kutengeneza protini mbili, E6 na E7, ambazo huziharibu protini zinazoizuia seli isigawanyike ovyo. Seli hiyo hubaki kama lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Iwambi, ila mteremko wenyewe ni mrefu: huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu.

Hayo ya kinga dhaifu yanatuhusu sisi kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na VVU, na asilimia 11.3 Iringa, wakati wastani wa nchi haukufika hata nusu ya hapo. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi. Dawa za ARV zimewarudishia wengi afya, lakini hazichukui nafasi ya kupimwa mlango wa kizazi, na wanaokwenda kliniki kuchukua dawa bila kupimwa wanaiacha kazi nusu.

Kuhusu ini nitasema kwa ufupi, ingawa naamini ndilo lililomchukua Baba Mkubwa tukasema karogwa. Kirusi cha homa ya ini B hukaa mwilini kimya kwa miaka mingi, na kikikutana na sumukuvu ya mahindi au karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hatari huongezeka sana. Watoto wetu huchanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002. Taiwan walitangulia kwa kuchanja watoto wachanga mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto wao ikapungua. Kwa hiyo chanjo inayokinga saratani si habari mpya ya mwaka huu, Shangazi; ni habari ya miaka 40.

Sasa hiyo chanjo unayoisubiri. Zile zinazovuma kwenye simu zetu si za kumkinga binti mwenye afya. Hutengenezwa kwa kusoma vinasaba vya uvimbe wa mgonjwa, kisha hupewa mgonjwa huyohuyo ili kinga yake iutambue uvimbe na kuushambulia. Ni kazi ya matumaini, na bado majaribio yake yanaendelea, lakini anayemzuia mtoto asichanjwe ili aisubiri hiyo ni sawa na kumtakia augue kwanza.

Tiba mpya zipo kweli, wala sitaki uone kwamba nazidharau. Zipo dawa zinazoondoa kizuizi ambacho saratani huiwekea kinga ya mwili. James Allison na Tasuku Honjo walipata Nobel mwaka 2018 kwa msingi wa kazi hiyo. Mojawapo, pembrolizumab, iliidhinishwa Marekani Januari 2024 itumike pamoja na mionzi na tibakemia, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyofika hatua za juu, ya 3 hadi 4A. Mwaka 2015 watafiti wa huko waliripoti kwamba walichukua chembe za kinga kutoka kwenye uvimbe wa wanawake 9, wakachagua zile zinazokitambua kirusi cha HPV, wakazizalisha kwa wingi na kuwarudishia wenyewe. Watatu walipata nafuu, na wawili kati yao saratani ikatoweka kabisa. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha kirusi cha herpesi kilichobadilishwa kichomwe ndani ya saratani ya ngozi ili kiiue, yaani kirusi kimegeuzwa dawa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

Lakini habari iliyonifurahisha kuliko zote ni ya dawa kuukuu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2024, yaliyohusisha wagonjwa 500 wa Uingereza, Mexico, India, Italia na Brazil, yalionyesha kwamba wanawake waliopewa dawa mbili za tibakemia, carboplatin na paclitaxel, kila wiki kwa wiki 6 kabla ya kuanza mionzi waliishi zaidi: baada ya miaka 5 asilimia 80 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 72 ya waliopewa matibabu ya kawaida. Dawa hizo zimekuwepo kwa miongo na bei yake si ya kutisha kama ya zile mpya. Hata hivyo, mionzi bado inahitajika, na kwa wengi wa huku mionzi imekuwa na maana ya safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, pamoja na majuma ya kuishi Dar es Salaam kwa ndugu.

Sindano ya shuleni haina kirusi ndani yake, kizima wala kilichokufa. Ina protini ya ganda lake la nje tu, isiyo na vinasaba, na haina kitu cha kufunga kizazi. Kinachofunga kizazi ni saratani yenyewe, na matibabu yake, maana mgonjwa huondolewa mfuko wa uzazi au huunguzwa ovari kwa mionzi. Uingereza, wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipata saratani hii kwa asilimia 87 pungufu kuliko waliowatangulia bila chanjo. Nawe unaposema kwamba tunafanyiwa majaribio, ujue kuwa Watanzania wamelifanyia kazi jambo hili kwa faida yao: utafiti wa Mwanza wenye wasichana 930 ni miongoni mwa tafiti zilizothibitisha kuwa dozi moja inajenga kinga ya kutosha, na tangu Aprili 2024 nchi yetu hutoa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mjukuu wako wa kwanza amebakiza muda mfupi kuivuka hiyo 14. Mpeleke kituo cha afya kabla ya kufunga shule, usingoje waje wao.

Na wewe mwenyewe, kwa kuwa hujafika miaka 50, umo kwenye umri wa kupimwa. Muuguzi hupaka siki iliyopimwa kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panageuka weupe. Ni kazi ya dakika chache, na doa linaloonekana mapema huweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa joto au kwa kugandishwa, bila kulazwa. Kama kuna damu inayotoka baada ya tendo la ndoa au katikati ya mwezi, usisubiri siku ya kampeni. Ukipewa rufaa ya kuja Mbeya, nipigie siku hiyohiyo; chumba kipo, na mjomba wako wa Mwanjelwa ana gari.

Mtoto wa kaka yako,
Mbeya