Bodoni iacheni juu kwenye vichwa vya habari

Kwako mhariri,

Mimi ni mpiga chapa hapa Nasser Road Kampala, mwaka wa kumi na mbili huu, kwa hiyo nikishika gazeti naangalia herufi kwanza, habari baadaye, ndo ugonjwa wetu sisi watu wa wino.

Tangu mbadilishe sura ya gazeti vichwa vya habari vimependeza, sibishi. Ile fonti ya Bodoni imesimama kweli, nguzo nene nyeusi halafu inakuja nyuzi nyembamba kama wembe, na vile vijimstari vya miguuni vimenyooka tu, havina mkunjo. Sasa nani kawaambia muishushe mpaka kwenye matangazo ya vifo? Juzi shangazi kanipa nimsomee tangazo la msiba wa Mbale, maandishi madogo meupe juu ya weusi, kile kimstari cha ndani ya e kimepotea kila e imekuwa c, m na n zimebaki vijiti vitupu, tukakaa tunabahatisha kama mazishi ni saa nane au saa ngapi. Mzee wa watu amelala pale na sisi tunacheza fumbo!

Karatasi ya gazeti inakunywa wino jamani. Ukiweka weusi nyuma wino unavimba unameza zile nyuzi. Bodoni mwenyewe, Mtaliano yule, aliendesha matbaa ya mtawala wa Parma kuanzia 1768, alikuwa na karatasi safi na anaacha pembeni nafasi kubwa, vitabu vya mabwana vile. Hata jarida la mitindo la Vogue wanaotumia fonti ya Didot, binamu yake wa Ufaransa, jina wanaliweka kubwa juu ya karatasi inayong'aa.

Na mimi sijifanyi mtakatifu. Niliwahi kupiga kadi 300 za kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, majina ya maharusi kwa Bodoni ya dhahabu, mama mtu akafurahi mpaka akanipa soda, kumbe maelekezo ya njia nimeyaweka fonti hiyohiyo saizi 6, wageni wakapotelea huko vijijini na simu zote zikaja kwangu. Tangu siku hiyo majina nayapa Bodoni, njia naipa Arial.

Kama mnaipenda sana basi ipo Bodoni ya kampuni ya fonti ya ITC ya mwaka 1994, imetengenezwa kwa saizi tatu, ya 6, ya 12 na ya 72, na hiyo ya 6 nyuzi zake wamezinenepesha makusudi kwa ajili ya maandishi madogo. Mwambieni kijana wenu wa kompyuta asichukue ya 72 akaibana tu ikae kwenye kibox, maana naona ndicho anachofanya. Na ule weusi nyuma ya matangazo ya vifo utoeni hata kesho, hauhitaji fonti mpya.

Mpiga chapa,
Nasser Road, Kampala